Soda ya Mashahidi

Siku Gharibu aliposhinda kesi ya shamba, upande wa pili wa chumba palikuwa na benchi tupu. Mwenyekiti wa baraza la ardhi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliuliza kama mdaiwa Kipriani Nduwayezu yupo. Karani akatoka hadi kibarazani, akaliita jina hilo mara tatu kwa sauti ya muuza dagaa, akarudi akitikisa kichwa. Ndivyo ilivyokuwa na siku zilizotangulia. Basi ikasomwa hukumu ya upande mmoja: mdaiwa hakumaliza kulipa bei, ameitwa hakutokea, mkataba umevunjika, ardhi irudi kwa aliyeiuza. Gharibu akatoka kifua mbele kama aliyemwangusha mtu kwenye mieleka. Mtu mwenyewe wakati huo alikuwa anapalilia maharage yake kando ya barabara, hana habari kwamba kuna mieleka.

Gharibu akaingia kwenye mgahawa wa kwanza aliouona pale Kibondo mjini, akaagiza wali kwa kuku wa kienyeji. Alipoletewa maji ya kunawa, akamwambia binti aliyeshika birika, ambaye wala hakumuuliza kitu, "Sheria ni msumeno, mwanangu." Akaishia hapo. Msemo huo hata watoto wa shule ya msingi wanaujua mpaka mwisho, kwamba msumeno hukata mbele na nyuma, lakini Gharibu alikuwa mtu wa kuchukua nusu inayomfaa na kumwachia mwenzake iliyobaki.

Tumjue basi mtu huyu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kasulu mjini, si mbali na soko, na alikuwa na babu. Babu huyo alitoka Pangani enzi za Mjerumani akiwa amebeba mizigo ya watu kichwani, ila katika masimulizi ya Gharibu mizigo ilikuwa ya babu mwenyewe. "Sisi watu wa Pwani," alizoea kusema akipima misumari, "hatuna haraka na dunia." Ungemsikia ungedhani amewasili jana na mkeka kwapani. Pwani yenyewe alikuwa ameiona mara mbili, na mara moja kati ya hizo alishikwa na tumbo la kuendesha wiki nzima asione hata bahari. Alizaliwa Kasulu, akakulia Kasulu, na akijigonga nyundo kidoleni alilia kwa Kiha safi.

Hayo hayakumzuia kuwadharau Waha. Aliwaita watu wa jembe. Na wale ambao wazee wao walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, wakakaa, wakazaa, wakapewa uraia na vitambulisho vya taifa, hao aliwaita "wa kuja", kana kwamba babu yake yeye aliota mwenyewe sokoni kama mchicha.

Kipriani alikuwa mmoja wa hao wa kuja. Alizaliwa hapahapa nchini, akaoa kijijini Muyama, akalima mashamba ya kukodi miaka kumi na minne huku mwenye shamba akimhamisha kila alipoona mgomba umeanza kuzaa. Mwaka 2018 aliuza ng'ombe wawili na mavuno yote ya maharage, akamfuata Gharibu, kwa sababu alisikia ana ekari tatu upande wa Kibondo, pori tupu, urithi wa baba yake. Gharibu hakuwahi kulitilia shamba hilo hata jembe moja. Walikubaliana milioni tatu na laki sita. Kipriani akatoa milioni tatu taslimu mbele ya Anania, mwenyekiti wa kitongoji, mkataba ukaandikwa, laki sita ikabaki ya kumaliziwa ndani ya mwaka mmoja. Gharibu alichomeka kifungu chake mwenyewe: asiyemaliza, fedha alizokwisha kutoa zinapotea. Kipriani akasoma, akaweka sahihi. Hakuwa na nia ya kutomaliza.

Na kweli, mwaka haujaisha, Kipriani akaja dukani Kasulu amevaa shati la kanisani.

"Shikamoo, Mzee Gharibu. Laki sita yako ipo tayari. Tumekuja kukuomba siku."

"Siku ya nini? Weka hapa juu ya kaunta."

"Oya, hapana, Mzee. Tuje kukupa pale shambani. Tutaita majirani, tuoneshane mpaka, halafu tunywe agatutu."

Hapo ndipo kosa la Kipriani lilipokuwa, kama ni kosa. Kwao ardhi hainunuliwi kama chumvi. Fedha ya mwisho haitolewi dukani wala njiani. Hutolewa juu ya udongo wenyewe, majirani wameketi, mpaka umetembelewa kwa miguu, kisha muuzaji na mnunuzi na majirani wanakunywa pamoja. Kinywaji hicho ndicho agatutu. Aliyekinywa amekuwa shahidi, na ushahidi huo huachiwa watoto. Kumaliza kulipa bila kunywa ni kama kununua kitu cha wizi, na Kipriani alikuwa amehamishwa mara nyingi mno maishani kukubali kununua nusunusu.

"Kwetu ni pombe ya ndizi," aliongeza kwa adabu, "lakini wewe ni Mwislamu, tumekuwekea kreti ya soda."

Gharibu alicheka mpaka akashika mizani. "Yaani mimi nifunge duka, nisafiri siku nzima, nikakae kwenye gogo na wakulima ninywe soda ya moto? Nitumie kwa simu, yaishe."

"Ardhi hailipwi kwa simu, Mzee."

"Basi ngoja nikipata nafasi."

Nafasi haikupatikana. Mara ya pili Anania mwenyewe alipiga simu kumwalika. Gharibu akasema ni Ramadhani. Mara ya tatu Kipriani alirudi na kuku wawili wa zawadi. Gharibu akapokea kuku, akasema ana msiba. Mkewe, Tunu, aliwachinja na kuwapika, na wakati wa kula akamwambia, "Baba Zuleha, si uende tu ukanywe soda ya watu? Kuku wao tunakula."

"Hujui biashara wewe," akajibu Gharibu, akavunja paja.

Tuwe wa kweli: mpaka hapo ulikuwa ni uvivu na majivuno tu, hapakuwa na hila. Hila ilikuja na lami. Barabara ya Kasulu kwenda Kibondo ilipowekwa lami, lile pori lililowahi kuwa mwisho wa dunia likajikuta liko barabarani, na si pori tena. Kipriani alikuwa amelifyeka, amepanda migomba na michikichi, amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa bati. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Ridhiwani alipita hapo akitafuta mahali pa kujenga kituo cha mafuta, akauliza shamba ni la nani, akaambiwa zamani lilikuwa la Gharibu wa Kasulu. Akamfuata Gharibu na kumtajia milioni ishirini na nane.

Gharibu hakulala vizuri wiki ile. Milioni ishirini na nane! Na yeye alipewa tatu, tena kwa noti kuukuu zenye harufu ya moshi. Aliona ameibiwa. Kadiri alivyofikiri ndivyo alivyozidi kuona kwamba mwizi ni Kipriani, aliyeilaghai familia ya watu wa Pwani kwa kununua ardhi kabla haijapanda bei. Akakumbuka laki sita. Akautoa mkataba kwenye bati la biskuti, akasoma kifungu chake, akatabasamu peke yake kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni. Kesho yake akachukua kwa Ridhiwani milioni tano za utangulizi, akazilipia gari, Noah nyeupe, nyingine atamalizia shamba likirudi.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kipriani akiitwa barazani, atakuja. Atakuja na laki sita mkononi na Anania ubavuni, na kesi itakufa kabla ya chai. Kwa hiyo ilibidi aitwe mahali ambapo hasikii.

Saady, kijana mwenye stationery karibu na baraza, ambaye kazi yake ilikuwa kuwachapia watu madai na viapo, aliuliza huku vidole vikiwa juu ya kibodi, "Mdaiwa anaishi wapi, mzee wangu?"

"Andika hivi: mdaiwa ni mkimbizi kutoka Burundi. Aliliacha shamba, akarudi kambi ya Nduta."

Saady akageuka. "Mkimbizi kabisa, Mzee? Maana hiki ni kiapo."

"Andika nilivyosema. Hawa wote ni wakimbizi, wanapishana tarehe tu."

Saady akaandika. Gharibu akasoma mara mbili, akavutiwa na lilivyokaa neno hilo kwenye karatasi, akaapa, akasaini kwa madoido. Baraza likaamini kiapo, kama inavyopasa kuamini kiapo cha mtu mzima mwenye kofia safi ya kiua. Wito ukapelekwa Nduta na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, kati ya tangazo la mgao wa unga na tangazo la magari ya kurudi Burundi. Huko ukalowa mvua, ukakauka, ukalowa tena. Huenda akina Nduwayezu walikuwa wengi kambini, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kununua ardhi ya mtu. Na ndiyo maana benchi lilikuwa tupu.

Wiki chache baada ya kula kuku wake wa ushindi, Gharibu alimchukua dalali wa mahakama ndani ya Noah, wakaenda kubandika ilani ya kuhama. Dalali alimwambia hana haja ya kufuatana naye, ni kazi yake kila siku. Gharibu akasema hapana, hili lazima alione mwenyewe. Soda ya watu hakupata nafasi ya kuja kuinywa miaka yote hiyo, lakini kwa jambo hili nafasi ilipatikana asubuhi na mapema.

Walimkuta bibi Ininahazwe, mama yake Kipriani, ameketi mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa mdogo wa mwili, mweusi, ana macho yasiyopepesa. Alipoona wageni akasukuma mbele kigoda.

"Karibuni mkae."

Gharibu alikitazama kigoda kama kimemtukana, akabaki amesimama. Akaipima nyumba kwa macho, bati lake, madirisha yake ya nondo, migomba iliyoinama kwa mikungu. "Maskini akipata matako hulia mbwata," akamwambia dalali, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni.

Dalali akasoma ilani. Siku kumi na nne, wenye nyumba watoke na vyao vyote, kwa amri ya baraza. Kipriani alikuwa ametoka shambani, udongo miguuni, akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Halafu akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Akalifungua. Noti zilikuwa zimekunjwa vizuri, zimezungushiwa kitambaa.

"Laki sita yako hii hapa, Mzee. Tangu 2019 haijaguswa. Mwanangu Ange alilazwa mwezi mzima, tukauza mbuzi, hii hatukugusa, kwa sababu si yetu. Tuite majirani sasa hivi uichukue."

Mtu mwingine angeona haya. Dalali, ambaye kazi yake ni kutoa watu nje, aliona haya, akajifanya anatafuta gundi. Gharibu hakuona. Alilitazama lile kopo kwa dharau ambayo hata yeye mwenyewe aliionea fahari.

"Hela hiyo kanunulie hema," alisema. "Mmeyazoea."

Hapo Kipriani akakunja ngumi, na mama yake akasema neno moja tu kwa Kiha, ngumi ikakunjuka. Bibi akamgeukia Gharibu. "Wewe mwana wa watu, ulipotuita kwenye kesi, ulipiga hodi wapi?"

"Nduta. Kwenu."

"Nduta mimi nimefika mara nne, kuuza ndizi." Alisema hivyo akaendelea kuchambua maharage, akitupa mabovu pembeni.

Anania alikuwa amefika, amekimbia, jasho linamtoka. Akaomba nakala ya hukumu, akaisoma amesimama, midomo ikicheza. Akafika mahali akarudia.

"Mzee Gharibu, hapa imeandikwa Kipriani ni mkimbizi kutoka Burundi. Nani kasema?"

"Nimesema mimi. Nimeapa mimi." Akajigonga kifua.

Anania akaikunja karatasi taratibu mno, akaiweka mfukoni. "Ego," alisema. "Vizuri."

Siku ya tano Kipriani alikuwa ameshawasilisha maombi hukumu ile itenguliwe, na amri ya kuhama ikasimamishwa mpaka asikilizwe. Gharibu alipopata samansi, yake ikiwa imeletwa mpaka dukani, mikononi mwake, na kusainiwa, alisonya tu. Alikwenda barazani na Noah. Alivaa kanzu. Alikusudia kuongea Kiswahili kirefu cha Pwani ambacho watu wa jembe wasingekifuata.

Kipriani hakuwa na wakili. Alikuwa na shati lile lile la kanisani, kitambulisho chake, na Anania. Anania alieleza kwamba mdaiwa hajawahi kuhama kitongoji hata siku moja, jina lake liko kwenye daftari la wakazi, na muuzaji alialikwa mara tatu kuchukua salio akakataa. Mwenyekiti wa baraza aliandika kwa mkono, bila haraka. Kisha akavua miwani.

"Gharibu, simama. Hiki kiapo ni chako?"

"Ni changu, mheshimiwa. Nami nathubutu kunena pasi na chembe ya shaka..."

"Jibu fupi. Uliapa kwamba huyu ni mkimbizi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na huu mkataba wa mwaka 2018, wa kumuuzia ekari tatu, sahihi ni yako?"

"Ndiyo."

Mwenyekiti akaziweka karatasi mbili kando kwa kando. "Mkimbizi haruhusiwi kununua ardhi nchi hii. Asiye raia hauziwi shamba. Kwa hiyo nisaidie. Ama ulichukua milioni tatu za mtu kwa kumuuzia kitu ambacho sheria inakukataza kumuuzia, na hapo mkataba wenyewe unakufa, hicho kifungu chako cha fedha kupotea kinakufa nao, na tutataka kujua zaidi kuhusu wewe. Ama huyu ni raia, unajua ni raia, na uliapa uongo ili wito usimfikie. Ni lipi?"

Nje pikipiki ilikuwa inakataa kuwaka. Gharibu alitafuta Kiswahili cha Pwani, hakukiona. Alitafuta hata cha Kasulu. Alichokipata kilikuwa kigugumizi. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Gharibu ilikuwa fupi kuliko ile ya kutoka mlangoni mpaka kwenye meza.

"Ni... ni raia, mheshimiwa. Nilikosea. Unajua wanafanana."

"Wanafanana na nani?"

Kwenye benchi la wasikilizaji mtu alicheka, akakanywa.

Hukumu ya upande mmoja ikatenguliwa palepale. Mwenyekiti akasema kesi inaweza kuanza upya, pande zote zikiwepo, na kwamba itakapoanza, kitu cha kwanza kukitazama kitakuwa kile kiapo, na huenda wakakitazama na watu wengine nje ya baraza, wenye pingu. Au wapatane leo. Gharibu alikuwa tayari kupatana kabla neno pingu halijaisha kinywani mwa mama yule. Ikaandikwa: Kipriani atalipa laki sita ndani ya siku kumi na nne, ardhi ni yake moja kwa moja, na gharama zote za shauri ni juu ya Gharibu.

"Unaweza kulipa hapa kwa karani," mwenyekiti akamwambia Kipriani.

"Mheshimiwa, naomba nilipie kule shambani, mbele ya majirani."

Mwenyekiti akamtazama. Yeye naye alikuwa Muha, mtoto wa wakulima, na kwao pia kuna watu walioketi chini siku baba yake aliponunua bonde. Akaandika mstari mmoja zaidi: malipo yatafanyika shambani, na muuzaji atahudhuria mwenyewe.

Ridhiwani alipata habari jioni ile ile. Habari mbaya huja na bodaboda. Akataka milioni tano zake, na kwa kuwa alikuwa mtu wa Kasulu aliyemjua Gharibu vizuri, akaja kuzitaka asubuhi na vijana wawili. Noah ikarudi kwa aliyeiuza, kwa hasara. Zilipungua laki saba. Kwa hiyo ile laki sita ambayo Gharibu aliidharau miaka yote, ambayo iliambiwa ikanunue hema, sasa alikuwa anaihesabia siku.

Alikwenda kwa basi, na Tunu akafuatana naye. Hakumwomba. Alivaa khanga mpya na kusema, "Mimi naenda kuwaomba radhi wenye kuku."

Waliketi majirani kumi na watatu kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Pembeni palikuwa na mtungi wa pombe ya ndizi, na kreti ya soda, mpya, kwani ile ya kwanza watoto walikwisha kuimaliza Krismasi ya mwaka ule. Anania akaongoza kutembea mpaka. Gharibu akalazimika kutembea nao, kwenye migomba, kwenye maharage, mpaka kwenye mawe manne ya pembe, na kwenye kila jiwe Anania akauliza, "Ni hapa?" naye akajibu, "Ni hapa." Jua lilikuwa limechachamaa. Kanzu ilimganda mgongoni.

Wakarudi. Kipriani akafungua kopo, akamhesabia noti moja moja mkononi, majirani wote wakihesabu naye kwa sauti, mpaka laki sita. Gharibu akarudia kuhesabu mwenyewe, mara mbili, akilowesha kidole ulimini, mpaka ulimi wenyewe ukakauka. Hakuna aliyemharakisha. Akasaini. Akashusha pumzi, akafikiri: sasa yamekwisha, ninywe soda yao niondoke. Na kwa mara ya kwanza tangu 2019, aliitaka kweli. Angeweza kuinywa hata ya moto, hata ameketi juu ya gogo.

Bibi Ininahazwe alisimama mwenyewe kugawa. Wa pombe akawapa pombe, wa soda soda. Akapita benchi la kwanza, la pili. Akaja kwa Gharibu na chupa mkononi, imefunguliwa, povu linapanda shingoni mwa chupa. Gharibu akanyoosha mkono. Chupa ikapita mbele ya mkono wake, ikaenda kwa Tunu.

Mkono ulibaki hewani. "Bibi," alisema akijichekesha, "umenisahau."

"Oya. Sijakusahau." Hakupaza sauti. "Hiki ni cha mashahidi. Shahidi ni mtu tutakayemwita kesho aseme aliyoyaona, wajukuu wakamwamini. Wewe tukikuita utasema tunakaa Nduta. Tumekulipa, mwana wa watu. Hela yako unayo. Soda hii haikuhusu."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Watu kumi na watatu walimtazama Gharibu bila chuki, kama wanavyomtazama muuza mitumba aliyekosea nyumba, kisha wakaacha kumtazama. Kipriani mwenyewe alikuwa akiangalia shamba lake.

Gharibu akamgeukia mkewe. Alikuwa na hakika na Tunu. Mke hawezi kunywa pale mumewe alipokatazwa kunywa, haijapata kutokea, si kwao wala si Pwani. Tunu aliitazama chupa. Akamtazama mumewe, kofia yake ya kiua iliyolowa jasho, noti zilizotuna mfukoni mwa kanzu. Akasema bismillahi, akanywa. Alikunywa taratibu, bila kupumzika, majirani wote wakimsubiri kwa heshima, mpaka chupa ikaisha. Akajifuta midomo kwa ncha ya khanga.

"Nimekunywa," akasema.

Bibi Ininahazwe akapokea chupa tupu kwa mikono miwili. Akaketi karibu naye, akamuuliza jina lake, na la baba yake, na la babu yake, akayarudia yote polepole ili wajukuu wakija kuambiwa, waambiwe sawasawa. Jina la Gharibu hakuna aliyeliuliza.